Chuo Kipi kwa Fani Ipi
Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu wa mwaka



Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka naulizwa, "Mwalimu, chuo kipi ni kizuri?" Siwezi kujibu mpaka nijue mtoto anataka kusoma nini.

Wa kilimo au misitu namwambia SUA, Morogoro, hata hajamaliza kuuliza. Sisi ni watu wa mahindi, kahawa ya Mbinga na korosho ya Tunduru, lakini watoto wetu wanaikimbia fani hiyo kana kwamba ni adhabu. Wa ualimu wa sayansi aitazame Mkwawa, pale Iringa. Wa uhandisi asiidharau MUST ya Mbeya eti kwa sababu jina la Mlimani linavuma zaidi. Wa sheria ajue kwamba shahada peke yake haimfanyi wakili. Kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo mbele yake, na ada yake.

Kwenye afya ndiko tunakoumia. Udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza: kote huko mwanafunzi ana hospitali kubwa ya kujifunzia. Msilinganishe majengo na mabango. Ulizeni wodi iko wapi, na maabara ina vifaa gani. Kwa uuguzi hatuna haja ya kwenda mbali. Peramiho wanafundishwa kando ya hospitali ya misheni ambayo wengi wetu tulizaliwa humo.

Mpwa wangu alisoma stashahada ya maabara miaka mitatu, katika chuo ambacho sitakitaja. Alipokwenda kusajiliwa na baraza lake, akaambiwa kozi ile haitambuliki. Chuo kilikuwa na usajili, kozi haikuwa nao. Dada yangu alikuwa ameuza ng'ombe wanne. Leo kijana anaendesha bodaboda, na ile transkripti iko kwenye sanduku la nguo.

Na Songea tusisahau mwaka 2016, Tume ya Vyuo Vikuu ilipofuta kibali cha tawi la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph hapa kwetu, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine.

Kwa shahada, fungueni mwongozo wa udahili wa TCU. Kila kozi imeandikwa sifa za kuingia, muda wake na nafasi zilizopo. Kwa cheti na stashahada, ni NACTVET. Kisha pigeni simu kwenye baraza au bodi ya taaluma husika, muulize kozi hiyo kwa jina lake. Simu ya dakika tano, wazazi wangu, si ng'ombe wanne.

Mwenyekiti, mkopo wa serikali si kila mtoto anaupata, na anayeupata si lazima apewe wote. Hapo ndipo Mfuko wetu wa Elimu unapoingia. Naomba kamati isilipe ada ya mtoto yeyote kabla ya kuhakiki kozi yake. Na naomba wanachama tuujaze mfuko wenyewe, maana kuhakiki bila fedha hakumpeleki mtoto chuoni.

Mimi naanza na laki mbili. Fomu za ahadi ziko kwa Mweka Hazina, meza ya mlangoni. Na ninyi mlio vyuoni sasa, msiondoke baada ya chakula. Kuna vijana wa kidato cha sita wanataka kuwauliza.