Maharagwe Mapana: Kuyapanda na Kuyapika Nyumbani



Mkulima akaaye katika nchi ya baridi anaijua hasara ya usiku mmoja. Jioni huliacha shamba lake la maharagwe likipendeza kwa ukijani. Alfajiri hulikuta limenyauka na kuwa jeusi, kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Jalidi imepita. Katika sehemu kama Limuru, Kinangop na Molo, ambako nchi imeinuka futi 7,000 na zaidi juu ya bahari, hasara hiyo yaweza kuwanyima watoto kitoweo cha miezi mingi.

Lakini iko jamii nyingine isiyoogopa sana baridi, nayo ni maharagwe mapana, ambayo Waarabu huyaita ful. Mmea huu hustahimili jalidi ndogo. Adui yake ni joto, kwani jua likizidi, maua hupukutika kabla ya kuzaa. Kwa hiyo mtu wa Mombasa au Kisumu asipoteze mbegu zake bure. Zao hili ni la watu wa milimani.

Mbegu hupandwa mvua za masika zianzapo. Kila mbegu hufukiwa inchi 2 ndani ya udongo, na kati ya mbegu na mbegu huachwa inchi 8 au 9. Mstari na mstari huachana futi 2, ili mpaliliaji apite bila kuumiza mashina. Mmea husimama wima, hautambai. Lakini ukifika futi 3 au 4 upepo huweza kuulaza, basi ni vizuri kusimamisha vijiti pembeni na kuzungusha kamba.

Maganda ya kwanza yakitokea chini ya shina, mkulima mwerevu hukata ncha changa za juu. Hapo ndipo wapendapo kukaa vidukari weusi, wadudu wafyonzao utomvu. Ncha zisizo na wadudu huweza kupikwa kama mboga ya majani. Baada ya mavuno, mashina hukatwa na mizizi huachwa ardhini, kwa kuwa katika vinundu vyake mmekusanywa naitrojeni itokayo hewani, nayo ni chakula cha mimea ifuatayo. Maharagwe hayo yasirudiwe mahali pale pale kila mwaka, bali yafuatwe na mahindi au kabichi.

Sasa jikoni. Maharagwe mabichi hutolewa katika maganda, huchemshwa kwa dakika chache, kisha ngozi yake nene humenywa kwa kidole. Hukaangwa kwa kitunguu, nyanya na chumvi, yakaliwa kwa ugali au viazi. Yaliyokauka hulowekwa usiku kucha, maji yake humwagwa, nayo hupikwa kwa moto mdogo mpaka yalainike kabisa. Watu wa Misri na Sudan huyaponda hayo, wakatia mafuta, kitunguu saumu, ndimu na bizari nyembamba, wakayala asubuhi kwa mkate. Wamisri pia huyasaga yakiwa yamelowekwa tu, bila kuyachemsha, wakayakaanga vidonge vidonge mfano wa bajia za kunde za pwani. Robo hivi ya uzito wa maharagwe makavu ni protini, chakula kijengacho mwili, na kwa nyumba isiyoweza kununua nyama kila wiki hilo si jambo dogo.

Hata hivyo liko neno moja ambalo kila mama na kila baba yapasa alijue kabla ya kuweka chungu motoni. Wako watu waliozaliwa na upungufu katika damu. Kitu wanachopungukiwa chaitwa kwa kifupi G6PD, na waganga waliutambua upungufu huo mwaka 1956. Watu hao wakila maharagwe mapana, chembe nyekundu za damu yao huweza kuvunjika kwa wingi. Upungufu huu huonekana zaidi mahali palipokaliwa na malaria tangu zamani, kama pwani na kando ya Ziwa Victoria, na huwadhuru wavulana kuliko wasichana. Asidhani mtu wa milimani kwamba hayamhusu, maana siku hizi watu huoana kutoka pande zote za nchi.

Dalili hutokea baada ya siku moja au mbili: mtoto hulegea, uso hupauka, macho huwa ya manjano, na mkojo huwa mweusi kama kahawa. Huo si uchawi, wala si sumu ya jirani. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, na mganga aambiwe alichokula. Kupika sana hakuondoi hatari hiyo. Nyumba ambayo mtu wake amewahi kupatwa na hali hiyo, au iliyokwisha kuambiwa na mganga habari za upungufu huo, na iyaache kabisa maharagwe haya, ipande njegere. Na mwenye shaka aombe kupimwa damu hospitalini.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Mwenye kuijua damu ya watoto wake na ayapande bila hofu. Na asubuhi ya jalidi atakapokwenda shambani, huenda akakuta chakula cha watoto wake kingali kimesimama.