Taa Nyekundu ya Oili: Ipimwe Kabla ya Kulaumiwa

Mazungumzo kwa viongozi, madereva na mafundi wa vyama wanachama



Lori la chama si mali ya dereva, wala si mali ya katibu. Ni mali ya wakulima waliokubali kukatwa sehemu ya malipo ya mazao yao ili linunuliwe. Injini inapokufa katikati ya msimu, pamba hubaki ghalani, na anayengoja fedha zake ni mkulima. Kwa sababu hiyo inafaa viongozi na madereva wakielewe vizuri kifaa kimoja kidogo kinachoenea kiganjani, nacho ni swichi ya presha ya oili.

Kifaa hiki huweza kuleta hasara za namna mbili. Na uchukuliwe mfano wa dereva aliyepakia pamba kwenda kiwandani. Taa nyekundu inawaka njiani, naye anasema, “Ni swichi tu, hii,” kisha anaendelea na safari. Ikiwa presha imepotea kweli, haitapita muda mrefu kabla beringi hazijaungua na krenki kukwaruzika. Hasara ya pili ni kinyume cha hiyo. Taa inawaka, kamati inaingiwa na hofu, injini nzima inafumuliwa kwa fedha za wanachama, na mwishowe inaonekana kuwa waya mmoja ulichubuka. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: watu wamehukumu kabla ya kupima.

Kazi ya swichi

Pampu huvuta oili kutoka sampu, yaani bakuli lililo chini ya injini, na kuisukuma kupitia filta hadi kwenye krenki na sehemu nyingine zinazozunguka. Oili hiyo ndiyo inayozuia chuma kisisage chuma.

Ndani ya swichi mna kiwambo chembamba, springi na ncha mbili za umeme. Ufunguo ukifunguliwa kabla injini haijawaka, presha haipo, na ncha hizo zinagusana. Umeme hutoka kwenye betri, hupita katika taa, hushuka kwa waya hadi kwenye swichi na kuingia katika mwili wa injini. Taa huwaka. Injini ikianza kuzunguka, oili husukuma kiwambo, ncha huachana, na taa huzimika.

Katika injini nyingi swichi hii hufanya kazi kwenye presha ndogo sana, aghalabu pauni 4 hadi 7 kwa inchi ya mraba, hali injini yenye afya ikiwa kazini huwa na presha iliyo mara kadhaa ya hiyo. Maana yake ni kwamba taa ikizimika si ushahidi kwamba presha inatosha. Lakini taa ikiwaka injini ikiwa inazunguka, na swichi ikiwa nzima, presha imekwisha au imekaribia kwisha. Hapo dereva hana ruhusa ya kusema, “Tufike kwanza.”

Mahali ilipo

Swichi hufungwa ubavuni mwa injini penye njia kuu ya oili, na mara nyingi huwa karibu na filta. Ina pande sita za kushikwa na spana, na kwa kawaida waya mmoja kichwani. Isichanganywe na swichi ya joto la maji, ambayo hukaa mahali maji yanapopita. Magari yenye saa ya presha huwa pia na kifaa kingine, aghalabu kikubwa zaidi na cha mviringo kama kopo dogo. Hicho huendesha saa, si taa.

Utaratibu wa kupima

Kwanza, injini izimwe mara moja. Gari likae mahali tambarare, na baada ya dakika chache kijiti cha oili kichomolewe. Oili ikiwa chini ya alama, iongezwe na mvujo utafutwe. Ikiwa nyepesi na inanuka dizeli, au imekuwa nyeupe kama maziwa, ugonjwa uko ndani ya injini, na gari lisiwashwe.

Pili, ufunguo ufunguliwe bila kuwasha injini, kisha waya uchomolewe kwenye swichi, na ncha yake isiguse chuma. Taa izimike. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na unagusa chuma mahali fulani. Swichi haina kosa.

Tatu, ncha ya waya iguswe kwenye chuma safi cha injini. Taa iwake. Isipowaka, globu imeungua, fyuzi imekatika au waya umekatika. Ikiwaka hapo, lakini haiwaki waya unaporudishwa kwenye swichi, basi swichi imekufa. Hali hii ndiyo ya hatari kupita zote, kwa kuwa dereva haoni taa na hudhani mambo ni shwari, kumbe mlinzi amelala.

Nne, ikiwa waya ni mzima na taa haizimiki injini inapozunguka, yamebaki mawili: swichi mbovu au presha ndogo. Hapa kukisia hakufai. Fundi aifungue swichi, afunge saa ya kupimia katika tundu lake, kisha awashe injini. Mshale usipopanda katika sekunde chache, azime. Ukipanda, apime injini ikiwa baridi, kisha ikiwa moto, katika mwendo wa chini na mwendo wa kazi, na alinganishe na kitabu cha mtengenezaji. Presha ikiwa sawa, swichi ibadilishwe. Ikiwa ndogo, kununua swichi mpya ni kuficha maradhi.

Oili ikionekana kichwani mwa swichi penye waya, kiwambo kimepasuka. Ibadilishwe hata kama taa bado inafanya kazi.

Swichi mpya iwe na nyuzi na kiwango cha presha kilekile. Isikazwe kwa nguvu kupita kiasi, wala isizungushiwe utepe mwingi wa kuzuia mvujo, kwa sababu umeme hupita katika nyuzi hizo kuingia kwenye injini.

Wajibu wa kila mmoja

Dereva aiangalie taa kila asubuhi: iwake ufunguo unapofunguliwa, izimike injini inapowaka. Akiona vingine, aandike katika daftari la gari na asiondoke. Katibu asimlazimishe dereva kuendelea na safari kwa sababu tu mizani inangoja. Nazo kamati zifikirie kununua kwa pamoja saa moja ya kupimia presha, itumiwe na vyama vitatu au vinne vilivyo jirani. Kile ambacho chama kimoja hukiona ghali, vyama vikishikana huwa chepesi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Taa nyekundu ndiyo ufa huo, na ukuta utakaojengwa baadaye utajengwa kwa jasho la mkulima.