Mto Unaofura Jua Likiwaka
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati ilinitaka niseme machache juu ya maisha ya ugenini. Habari hizo mmekwisha kuzisikia kwa wengine, na baadhi yao huzitia chumvi. Mimi nitasema juu ya mto mmoja tu, uitwao Arkansas, katika jimbo la Colorado, Marekani, ambao nimeupita kwa boti la mpira mara nyingi tangu nilipokwenda kusoma huko.

Mto huu unaanzia karibu na mji wa Leadville, kama meta 3,000 juu ya usawa wa bahari, jirani na mlima Elbert wenye meta 4,401. Sisi tuliokulia huku tumezoea mto unaofura mvua ikinyesha. Kule mto hufura jua likiwaka. Theluji hulala mlimani miezi mingi kama akiba ya benki. Ikifika Mei na Juni, joto huitoa kwa mkupuo. Anga ni safi, wingu hulioni, nawe umesimama ukingoni unatazama maji yakipanda. Tena theluji iliyoyeyuka alasiri juu kule huweza kufika bondeni usiku wa manane, na aliyepiga hema karibu mno na maji huamka akiwa na mgeni kitandani.

Watu huniuliza kama Kilimanjaro nako ni hivyo. La, sivyo. Barafu ya kilele huchangia kidogo sana. Mito ile inalishwa na mvua na ukungu wa msituni. Anayeipenda mito ya Uchagani na aitunze miti.

Sasa mwezi Juni mwaka 2019 theluji ilikuwa nyingi kupita kawaida. Sehemu iitwayo Royal Gorge ina kipimo chake: maji yakizidi futi za ujazo 3,200 kwa sekunde, yaani kama meta za ujazo 90, makampuni hushauriwa yasipitishe abiria. Kwa hiyo sisi tukaenda Browns Canyon, ambako ni kwepesi kidogo. Tulikuwa sita pamoja na nahodha. Mmoja wetu alisoma hapa hapa, miaka minne nyuma yangu. Hakuniruhusu kumtaja, lakini mkimtazama anayecheka pale nyuma mtamjua.

Nahodha alitufundisha kwamba boti lisilopigwa kasia ni gogo tu, linakwenda maji yatakako. Ukitaka kuliongoza, sharti liende mbio kuliko maji, au polepole kuliko maji. Basi tukapiga kasia kwa bidii mpaka tukafika poromoko liitwalo Zoom Flume. Jiwe likainua ubavu wa boti, na ndugu yetu akachomoka kama kokwa ya fenesi.

Maji yale, jana yake, yalikuwa theluji. Mtu akitumbukia humo kifua hubana, na pumzi huja kwa kwikwi asizoweza kuzizuia. Kichwa kikiwa chini wakati huo, anavuta maji. Ndiyo maana ya jaketi la kuelea. Dakika ya kwanza kazi yako ni kupumua, basi. Zikipita kama kumi, vidole havikutii tena.

Alipoibuka, maji yalikuwa yakimfika kiunoni, akataka kusimama. Hapo ndipo watu wanapofia. Mguu hunasa kati ya mawe, maji yanakusukuma mgongoni, unainama, uso unazama, na mtu mzima mwenye nguvu anakufa katika maji ya kiunoni. Nahodha akapiga ukelele: “Miguu juu!” Akalala chali, nyayo zikitangulia. Boti la wenzetu lilikuwa linangoja kwenye maji tulivu nyuma ya jiwe. Wakamrushia kamba, akaidaka, mto wenyewe ukamzungusha hadi ukingoni. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu, na hakuweza kufungua kifungo cha jaketi lake mwenyewe. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kasia lake liko wapi.

Ndugu zangu, hapa shuleni kila masika vijana huvuka mto kwenye yale mawe kwenda dukani. Kizazi chetu kilivuka pale pale. Mnamkumbuka mwenzetu wa kidato cha pili ambaye hakufika ng’ambo. Siku ile maji yalikuwa ya mapajani, na mpaka leo wengine husema alivutwa na kitu. Mimi nadhani alisimama.

Nimeleta kamba mbili za meta 20, za aina inayoelea, kila moja ndani ya mfuko wake. Mwalimu wa michezo amekubali kuzitunza: moja bwenini, moja kwa mlinzi wa lango la mtoni. Kuirusha kunataka mazoezi. Unashika ncha, unarusha mfuko umpite mtu, ili kamba imwangukie mabegani. Kesho baada ya chai ya asubuhi nitakuwa uwanja wa mpira pamoja na vijana wa kidato cha tatu, na yeyote mwingine apendaye. Ndugu yetu yule wa nyuma amejitolea kuwa mtu anayezama.