Picha safi haitoshi kusema pafu ni zima



Katika kikao kilichopita wamoja waliuliza: kwa nini mfuko wa mshikamano unaendelea kulipa nauli ya wenzetu wanaokohoa, na picha ya kifua ilitoka safi? Ni swali la haki. Sisi tunaotembea nanyi vijijini tutalijibu kwa habari ya mashine moja iliyo mbali.

Mashine ya sumaku wanayoiita IRM inasoma hasa maji ya mwili. Pafu limejaa hewa, njo maana linatoka jeusi. Wanafizikia wakatafuta njia. Wanachukua zenoni, gesi iliyo kidogo sana mu hewa tunayovuta, wanaichanganya na mvuke wa madini ya rubidi, halafu wanaimulika kwa leza. Mwanga unapanga rubidi, na rubidi inapanga viini vya zenoni vielekee upande mmoja, sawa vile askari ku gwaride. Alama yake inapata nguvu hata mara 100.000. Mgonjwa anavuta gesi, anazuia pumzi sekunde chache, na picha inaonyesha hewa inafika wapi, na wapi haifiki.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walitoa hivyo picha ya mapafu ya panya. Mwaka 2022 serikali ya huko iliruhusu zenoni hiyo kwa wagonjwa.

Sasa sikilizeni ya Oxford, Uingereza. Mwaka 2021 watafiti walieleza habari ya wagonjwa 9 waliotoka hospitali baada ya Covid-19 lakini walibaki wakikosa pumzi. Skaneri ya kawaida ilikuwa safi ao karibu safi. Zenoni ikaonyesha kwamba gesi haipiti vizuri kutoka mapafu kuingia damu. Watu hawakudanganya, ni picha ya kwanza haikuona.

Hatuombi mashine hiyo. Wala gesi ile si dawa: atakayekuja kuwauzia, mfukuzeni. Tunaomba kitu kidogo. Mwenzetu aliyevuta vumbi ya machimbo, ao aliyemaliza dawa za kifua kikuu, akisema «pumzi inakata», tumwamini, arudi kwa muganga apimwe tena.

Kikao kinachokuja mtapiga kura juu ya hiyo nauli. Tunawaomba muiache mu mfuko.