Kwa Nini Mtoto Hurudi Kuchanjwa Mara ya Tatu



Katika siku hii ya ukumbusho wa kamati yetu hapa Ruziba, sisi walimu tumeombwa kujibu swali tunaloulizwa mara nyingi na akina mama: "Mwalimu, mtoto amekwisha kuchomwa sindano. Kwa nini arudi tena?"

Jibu limo katika damu. Miongoni mwa chembe nyeupe kuna chembe B, zinazotengeneza kingamwili, na chembe T saidizi, zinazotoa kibali. Tuchukue mfano wa mgawo: mwenye kopo hapimi unga mpaka mwenye orodha athibitishe jina. Chembe B hunasa kijidudu, hukimeza, hukikatakata na kuonyesha kipande chake kwa nje. Chembe T inayokijua kipande hicho ikifika, huipa ruhusa. Hapo chembe B huzaana: baadhi hutoa kingamwili kwa wingi, baadhi hubaki kuwa kumbukumbu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mara ya kwanza kazi hiyo huchukua kama wiki mbili. Adui akirudi, kumbukumbu hujibu kwa siku chache. Virusi vya UKIMWI huua chembe hizo saidizi. Ndiyo maana asiyetumia dawa hushindwa hata na maradhi madogo.

Bakteria aitwaye Hib, anayewaletea watoto nimonia na homa ya uti wa mgongo, amejivika ganda la sukari. Chembe T saidizi haziitambui sukari hiyo; hutambua vipande vya protini. Kwa hiyo wataalamu waliiunganisha sukari na protini. Chembe B humeza vyote viwili, huonyesha protini, na msaidizi huja. Chanjo hiyo imo katika sindano ya magonjwa matano, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kila sindano huongeza kumbukumbu.

Tusidhani hatari iko mbali. Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa polio, wa kwanza baada ya zaidi ya miaka 30. Mtoto mmoja wa miaka 4, wa wilaya ya afya ya Isale, hakuwa amechanjwa.

Wazazi wenzetu, tuliacha mengi njiani. Kadi ya chanjo tusiiache, na tarehe iliyoandikwa humo tuitimize.