Kabla Mtoto Hajapanda Milima ya Ngong

Likizo imekaribia na watoto wameanza kuleta barua nyumbani. "Safari ya siku moja, Milima ya Ngong. Kila mtoto aje na chakula na maji." Sisi wazazi husoma kwanza mahali palipoandikwa pesa, tukaguna, tukalipa. Leo nataka tuzungumze yale ambayo barua haikukuandikia.

Kama hujawahi kufika, Milima ya Ngong iko Kaunti ya Kajiado, karibu na Nairobi. Mtu hupanda matatu hadi Ngong mjini, kisha anaelekea lango la msitu, karibu na ile mitambo mikubwa ya umeme wa upepo. Kutoka hapo njia hufuata mgongo wa mlima, kilima baada ya kilima, hadi upande wa Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Ni kama kilomita 10 hivi, kupanda na kushuka. Ukisimama juu ukatazama magharibi, chini yako ni Bonde la Ufa. Mashariki unaona Nairobi yote. Ni mahali pazuri, na mtoto akifika pale hawezi kusahau. Kwa hiyo simwambii mama yeyote amzuie mtoto wake.

Lakini kilele kirefu zaidi hufika karibu mita 2,460, na huko juu miti ni michache. Mitambo ile haikuwekwa pale kwa mapambo. Iliwekwa kwa sababu upepo hauachi kuvuma. Na Kona Baridi, jina lenyewe linakuambia. Mtoto huondoka nyumbani saa mbili asubuhi jua likiwaka, amevaa fulana tu, na saa sita yuko mlimani ametokwa na jasho, upepo unampiga, na pengine mvua inaanza. Nguo zilizolowa na upepo zinaweza kushusha joto la mwili wa mtoto hata hapa kwetu ambako hakuna theluji. Mpe sweta, kofia ya marvin na koti la mvua, hata akilalamika kwamba mzigo ni mzito.

Mtoto aliyeshikwa na baridi kali hutetemeka, kisha huanza kujikwaa, kunyamaza, au kuongea maneno yasiyoeleweka. Anayemwona hivyo asimwambie akaze mwendo. Amtoe kwenye upepo, amvue nguo zilizolowa, amvike kavu na amkumbatie ndani ya leso au blanketi. Akiwa macho na anameza vizuri, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Akilegea au kuacha kutetemeka kabla hajapata joto, apelekwe hospitali haraka.

Sasa niwaambie jambo lililonifanya nichague mada hii. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu ya jioni, aliletwa msichana wa miaka kumi akilia kwa maumivu ya miguu na mgongo. Alikuwa ametoka mlimani na wenzake. Mwalimu aliyemleta alidhani ni uchovu, na huko juu alikuwa amemhimiza msichana atembee asiwe mvivu. Mama yake alipofika alinivuta kando, akaninong'oneza kwamba mtoto ana siko seli. Nilimwuliza kama shuleni wanajua. Akainamisha kichwa. Aliogopa mtoto atachekwa, na kwamba watu wa nyumbani kwa mume wake watasema ugonjwa umetoka kwake. Ndugu zangu, siko seli hurithiwa kutoka kwa baba na mama, wote wawili. Hakuna mmoja wa kulaumiwa.

Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Hakuambiwa. Mtoto mwenye siko seli akipata baridi, akikosa maji ya kutosha, au akichoka kupita kiasi, chembe zake nyekundu za damu hujipinda na kuziba mishipa midogo, ndipo maumivu huanza. Mlimani yote hayo humpata kwa pamoja, na hewa nayo ni nyepesi kidogo. Kama mtoto wako ana siko seli, mwulize daktari wa kliniki yake kabla hujalipa pesa. Akiruhusiwa, aende polepole, anywe maji kila mara, asilowe, na akisema anaumwa aaminiwe. Akipata maumivu ya kifua, shida ya kupumua, homa, au tumbo likivimba upande wa kushoto, hiyo si ya kungoja kesho.

Mtoto mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni, isiachwe kwenye begi lililobaki ndani ya basi. Mwenye kifafa asikose dawa yake asubuhi hiyo, na asitembee peke yake karibu na mteremko. Andika yote kwenye karatasi, pamoja na namba yako ya simu, umkabidhi mwalimu mkononi. Usimtume mtoto akaseme. Mtoto ataona haya kama wewe ulivyoona.

Maji sasa. Njiani huko juu usitegemee kupata mahali pa kuchota. Mtoto wa shule ya msingi abebe angalau lita moja na nusu, na anywe kidogo kidogo hata kabla ya kusikia kiu. Tumia chupa ya kudumu, kwa sababu tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa. Soda si badala ya maji. Mtoto anayeumwa kichwa, aliyeacha kucheza, na ambaye mkojo wake umekuwa wa rangi nzito, amepungukiwa na maji. Apumzishwe mahali penye kivuli na anyweshwe.

Chakula kiwe kile kinachoshiba na kisichoharibika upesi: viazi vitamu, nduma, chapati, ndizi, njugu. Wali wa jana uliofungwa ungali na joto uache nyumbani. Miguuni, raba alizozizoea pamoja na soksi. Mama wengi hununua viatu vipya kwa ajili ya safari, na hivyo ndivyo hasa huleta malengelenge.

Wewe unayekwenda na mtoto mchanga mgongoni, kumbuka kwamba wewe unatembea na kupata joto, lakini yeye ametulia tu. Mguse kifuani na mgongoni mara kwa mara. Mfunike kichwa, kwa jua na kwa upepo. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe unywe.

Kuna nyoka pia, hasa bafe, ambaye hulala tuli kwenye nyasi au njiani akingoja. Watoto wasiingie vichakani wala kupindua mawe. Aliyeumwa asichanjwe, asifyonzwe sumu, wala asifungwe kamba. Alazwe, kiungo kisitikiswe, avuliwe viatu na bangili kabla ya uvimbe, abebwe hadi hospitali. Namba za dharura ni 999 na 112. Ngurumo zikisikika, shukeni mgongoni mara moja. Msikimbilie chini ya mti ulio peke yake. Jioni mkague mtoto kwapani, nyuma ya magoti na nyuma ya masikio, kwa maana ng'ombe hulisha huko na kupe wapo.

Msichana yule alilazwa siku nne akapona. Mwaka uliofuata barua ya safari ilikuja tena, na safari hii mama aliandika karatasi yake. Mwalimu alibaki na msichana kwenye kilima cha pili, wamejifunika blanketi moja, wakala ndizi. Kutoka pale pia Bonde la Ufa linaonekana. Aliniambia mwenyewe, alipokuja kliniki kuchukua dawa.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya minyoo. Kwaheri kwa sasa.