Kabla Ramani Haijachorwa: Somo la Mti wa Waiyaki Way

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika)



Tumeombwa tuzungumze juu ya utunzaji wa mazingira katika miradi yetu. Tutaanza na mti mmoja tu, tena wa kwa jirani.

Jijini Nairobi, kando ya barabara ya Waiyaki Way, eneo la Westlands, kuna mti mkubwa wa jamii ya mkuyu ambao Wakikuyu huuita mugumo. Kimo chake kinakaribia ghorofa nne, na unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 100 hivi. Mwaka 2020 ulijikuta katika njia ya barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ikapangwa ung'olewe na kuhamishiwa mahali pengine.

Wananchi na wanamazingira walipinga. Mti mkubwa ukihamishwa hupoteza sehemu kubwa ya mizizi yake, na mara nyingi haupati nafasi ya pili. Tena Wakikuyu wanauheshimu mugumo tangu zamani kama mahali pa sala na sadaka. Nairobi pia ndiyo mji ambako mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kuwekwa ndani ya Uhuru Park, na jengo hilo halikujengwa.

Tarehe 11 Novemba 2020 likatangazwa agizo la Rais Uhuru Kenyatta kwamba mti huo uhifadhiwe. Mti ukabaki, barabara ikajengwa, na magari yakaanza kuitumia Mei 2022. Kumbe vyote viwili viliwezekana.

Lakini ndugu zangu, tusishangilie haraka. Miti mingine mingi katika njia hiyohiyo iliondolewa, nayo haikuandikiwa agizo lolote. Mmoja ulipona kwa kelele za watu na sahihi ya mkuu wa nchi, wakati kazi imekwisha kuanza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 69, inaitaka serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kulinda mazingira. Ushiriki huo una maana zaidi pale ramani inapokuwa bado haijakamilika.

Nasi tusimnyoshee jirani kidole. Miaka kadhaa iliyopita tulijenga kliniki ya mama na mtoto katika usharika mmoja. Kiwanjani palikuwa na mwembe wa zamani. Fundi alitupigia simu kwamba mwembe unaingia kidogo kwenye msingi. Tukajibu, "Kateni." Mazungumzo yote hayakufika dakika tano.

Jengo likakamilika, picha nzuri tukazituma kwa wafadhili. Tulipokwenda kukagua siku ya kliniki, tuliwakuta akina mama wamebanana ukutani na watoto mgongoni, wakisogea kadiri jua lilivyosogea. Bibi mmoja akatuuliza kwa upole, "Wanangu, ule mwembe mlimuuliza nani?" Hatukuwa na jibu. Baadaye tulijenga banda la bati kwa fedha ambazo hazikuwemo katika bajeti, na saa sita mchana ndani yake hapakaliki. Miche ya kwanza tuliyopanda ililiwa na mbuzi. Ya pili sasa inafika magotini.

Wengine watauliza: je, kanisa litetee miti ya matambiko? Hatutetei ibada ya mti. Tunatetea kivuli, pamoja na haki ya jirani kuulizwa. Katika Waamuzi 4:5 tunasoma kwamba Debora aliketi chini ya mtende, na watu wakamwendea awaamue. Hata vijijini kwetu mashauri mengi yamemalizwa chini ya mti kabla hatujajenga ofisi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu katika kila ombi la mradi:

Mosi, kamati ihesabu miti mikubwa iliyopo kiwanjani na kuionyesha kwenye ramani kabla fundi hajapiga kamba.

Pili, wanaoutumia mti waulizwe, hasa akina mama, wazee na wachuuzi, na majibu yao yaandikwe katika muhtasari. Uko mti uliooza ambao ni hatari na lazima uondoke. Hata huo, watu waelezwe sababu.

Tatu, gharama ya kuukwepa mti, au ya kupanda na kulinda miche mpaka ikue, iwemo katika bajeti tangu mwanzo.

Kwa marafiki zetu wafadhili, tunaomba jambo moja. Mtakapoona ramani imebadilishwa na kazi imechelewa wiki mbili kwa ajili ya mti, msidhani ni uzembe. Tuulizeni, nasi tutawaonyesha muhtasari.

Bibi yule bado anakuja kliniki na wajukuu. Tungependa, tutakapojenga tena, tuwe tumemuuliza kwanza.